Kinanda Kisicho na Kijiji

Hapa kambini ubishi kuhusu kinanda hauishi. Wazee wa kwaya wanasema kinanda ni mvivu anayelipwa mshahara: unabonyeza kitufe kimoja, ngoma inajipiga, besi inajipiga, hata matarumbeta yanajipiga, na kijana aliyekaa nyuma yake anatafuna bigijii. Vijana wanajibu kwamba wazee wana wivu tu. Halafu upo upande wa tatu, usiosema sana lakini wenye neno la mwisho: wageni. Wao wanapenda ngoma. Ikikaribia tarehe 20 Juni, Siku ya Wakimbizi Duniani, ratiba inapangwa, na kwenye ratiba utakuta ngoma za Warundi, ngoma za Wabembe, maigizo, kisha hotuba. Kijana aliyetunga nyimbo kumi na mbili kwenye simu yake humkuti. Akiuliza, anaambiwa eti ule si utamaduni.

Mimi naimba besi, na kinanda sikijui kukipiga. Kwa hiyo sina upande wa kutetea kwa maslahi. Ila swali hili limenikaa kichwani, na nikiligeuza naona ni maswali mawili yaliyofungwa kamba moja. La kwanza: muziki unaotoka kwenye mashine ni muziki wa kweli, au ni mwigo wa muziki? La pili: hata kama ni wa kweli, je, yupo anayedhulumiwa unapopigwa? Nayatenga kwa makusudi, maana kwenye ubishi wetu watu wanauliza la kwanza huku wanaumia kwa la pili.

Wala hatukuanza sisi. Ubishi huu huu ulishapiganwa Ulaya katika miaka ya 1970 na 1980, juu ya muziki ambao hapa nitauita pop ya sintesaiza. Kila wimbo unaosikia leo kwenye spika za dukani pale sokoni, uwe wa Dar es Salaam, wa Lagos au wa Kinshasa, una damu yake kidogo. Kwa hiyo si habari ya Wazungu peke yao. Hebu tuifuate kuanzia kwenye chombo chenyewe.

Ngoma ni ngozi na mti. Gitaa ni waya na mti. Zumari ni pumzi ya mtu. Kila sauti ya zamani ilitoka kwenye kitu kilichowahi kuwa hai, au kitu kilichogongwa, au mtu aliyepuliza. Sintesaiza haina cha kugonga. Ndani yake umo umeme unaotikiswa mara nyingi kwa sekunde, na mtikisiko huo ukifika kwenye spika unakuwa sauti. Utikise mara 440 kwa sekunde, unapata ile noti ya La ambayo wapiga vyombo hulinganishia. Kisha kuna kichujio, kinachofanya kazi kama chujio la chai: kinazuia sauti kali na kuacha nzito ipite, au kinyume chake, kadiri unavyozungusha kitufe. Mmarekani Robert Moog alianza kutengeneza za kwake mwaka 1964. Zilikuwa kubwa kama kabati, waya zinaning'inia mbele kama utumbo. Mwaka 1970 ikatoka Minimoog, ambayo mtu mmoja aliweza kuibeba. Ilikuwa ghali, na ilipiga noti moja tu kwa wakati mmoja. Ukibonyeza mbili, inachagua moja.

Sasa angalia jambo hili. Ukisikia inanga, aliyezaliwa milimani anaona mlima. Ukisikia ngoma fulani, unajua ni ya msiba au ya mavuno, na unajua ni ya kwa akina nani. Sauti ya sintesaiza haikukumbushi mahali popote. Haina kijiji. Watu wengi waliona hiyo ni kasoro. Wachache waliona ni neema, na hao wachache ndio walioanzisha kila kitu.

Ralf Hütter alizaliwa Ujerumani mwaka 1946, na Florian Schneider mwaka 1947. Vita vilikuwa vimeisha 1945. Walikutana katika mji wa Düsseldorf, ambao wakati wa vita ulipigwa mabomu vibaya sana. Jiweke katika nafasi ya kijana Mjerumani wa wakati ule anayetaka kupiga muziki. Nyimbo za baba zake? Nyingi zilikuwa zimeshatumiwa na watawala wa Nazi kwenye magwaride na mikutano. Kuziimba ni kama kuvaa koti la muuaji kwa sababu tu linakutosha. Nyimbo za Wamarekani na Waingereza? Nzuri, na zilijaa redioni, lakini ni za washindi, na zina kijiji chao tayari. Mwaka 1970 vijana hao wawili wakaanzisha Kraftwerk, jina ambalo maana yake ni kituo cha kufua umeme. Mwaka 1974 wakatoa "Autobahn", wimbo wa zaidi ya dakika 22 kuhusu kuendesha gari kwenye barabara kuu. Sauti za mashine, maneno machache, hakuna gitaa la majigambo. Mwaka uliofuata ulikuwa unasikika kwenye redio za Marekani na Uingereza.

(Wanazi walijivunia sana barabara hizo hizo, wakazifanya picha ya ukubwa wao. Kwa hiyo unaweza kuchagua sauti isiyokumbuka kitu, na bado barabara unayoiimba ikawa inakumbuka kila kitu. Nadhani akina Hütter walilijua hilo vizuri.)

Je, walikuwa wanakimbia, au walikuwa wanaanza upya? Msomaji wa mji wenye amani anaweza kujibu haraka. Sisi hapa tunachelewa kidogo. Wapo kati yetu ambao wimbo wa nyumbani haupiti tena kooni, kwa sababu ndio uliokuwa ukiimbwa na wale waliokuja usiku. Jirani yangu mmoja, ngoma fulani ikianza kupigwa, huchukua kiti chake na kwenda kukaa nyuma ya nyumba. Hasemi kwa nini, na sisi hatumuulizi. Kwa mtu kama huyo, sauti isiyo na kijiji si umaskini. Ni mahali pa kwanza ambapo anaweza kusikiliza bila kushtuka. Hilo peke yake linatosha kunifanya nisikubali haraka kwamba muziki wa mashine ni muziki wa uongo.

Kutoka Ujerumani sauti hiyo ikavuka kwenda Uingereza, ikaangukia mikononi mwa watu ambao hawakuwa na cheti chochote cha muziki. Kampuni za Kijapani kama Korg na Roland zilikuwa zimeanza kuuza sintesaiza za bei nafuu zaidi, na baada ya muda zikapatikana hata mitumba. Gary Numan aliingia studio kurekodi nyimbo za gitaa, akakuta Minimoog iliyoachwa humo na watu wengine. Akaibonyeza, chumba kikatetemeka, na mwaka 1979 wimbo wake "Are 'Friends' Electric?" ukashika namba moja Uingereza.

Lakini anayenigusa mimi zaidi ni Daniel Miller. Huyu alinunua Korg iliyokwishatumika, akarekodi nyumbani, na mwaka 1978 akatoa santuri yake mwenyewe kwa jina la The Normal, chini ya kampuni aliyoianzisha mwenyewe, Mute. Wazazi wake walikuwa wakimbizi. Baba yake, Martin Miller, alikuwa mwigizaji Myahudi aliyewakimbia Wanazi kutoka Vienna. Alipofika London, yeye na wenzake wakaanzisha mwaka 1939 ukumbi mdogo wa maigizo ulioitwa Laterndl, wa Waaustria walio uhamishoni. Waliigiza kwa Kijerumani, ile ile lugha ya waliokuwa wanawawinda, kwa sababu ilikuwa lugha yao pia na hawakukubali kunyang'anywa. Mtoto wa watu hao hakuchukua muziki wa Vienna wa wazazi wake, wala gitaa la wenyeji. Alichukua mashine. Watoto wetu waliozaliwa hapa kambini, ambao Uvira na Bujumbura wanazijua kwa hadithi tu, wanafanya vivyo hivyo, na sisi tunashika kichwa.

Miller ndiye aliyewachukua Depeche Mode, vijana wa Basildon. Basildon ni mji uliopangwa na serikali mwaka 1949 ili kuhamishia watu kutoka London iliyojaa kupita kiasi na kuharibiwa na vita. Nyumba zinazofanana, barabara zilizochorwa na mtu ambaye hataishi hapo. Anayeishi kwenye mistari ya makazi yetu hahitaji kuelezwa zaidi. Miller na vijana hao hawakuandikiana mkataba. Walipeana mikono, faida nusu kwa nusu, na wakaenda hivyo kwa miaka mingi. Mwaka 1988 kundi hilo lilipiga mbele ya watu zaidi ya 60,000 katika uwanja mmoja huko California. Watu wanaosema mashine zinaua utu wangekumbuka pia hako kapeana-mikono.

Kaskazini, katika mji wa Sheffield, walikuwepo The Human League. Sheffield ni mji wa chuma. Mwanzoni mwa mwaka 1980 wafanyakazi wa chuma wa Uingereza walifanya mgomo wa wiki kumi na tatu, na viwanda viliendelea kufungwa. Wawili kati ya waanzilishi wa kundi walikuwa wakifanya kazi ya kuendesha kompyuta; mwimbaji, Philip Oakey, alikuwa akisukuma wagonjwa hospitalini. Kundi lilipovunjika 1980, Oakey akaenda disko akawachukua wasichana wawili waliokuwa bado wanafunzi, Joanne Catherall na Susan Ann Sulley, ambao hawakuwa waimbaji wa kazi. Mwaka mmoja baadaye "Don't You Want Me", ugomvi wa mwanaume na mwanamke juu ya mdundo wa mashine, ukawa namba moja Uingereza, kisha Marekani mwaka 1982. Mwaka huo huo Vince Clarke, aliyekuwa ametoka Depeche Mode, alimpa Alison Moyet sintesaiza zake zimzunguke katika "Only You". Sauti ya Moyet ni nene, ya kike, yenye machozi. Mashine haikuikausha. Mashine ilikaa kimya pembeni kama ukuta mweupe, na ile sauti ikaonekana vizuri zaidi.

Basi jibu langu kwa swali la kwanza nalitoa hapa, tusichoshane. Roho haikai ndani ya chombo. Mama akipokea ujumbe wa simu kwamba mwanawe amevuka mpaka salama, haulizi kama herufi zile zimeandikwa kwa mkono. Analia. Na habari ya uvivu mimi naiona ni ndogo. Kuitafuta sauti moja kwenye sintesaiza za zamani, ambazo nyingi hazikuwa na kumbukumbu ya ndani, kulichukua saa nyingi, na ukizima unaanza tena. Lakini hata kama isingechukua dakika moja, tangu lini jasho likawa kipimo cha ukweli? Anayebeba magunia na anayebeba habari za msiba, nani kachoka zaidi?

Swali la pili ni gumu, na hapa ninageuka niwatazame wazee kwa heshima.

Mwaka 1982, tawi la London ya Kati la chama cha wanamuziki cha Uingereza lilipitisha hoja ya kutaka sintesaiza na mashine za ngoma zipigwe marufuku. Sababu mojawapo ilikuwa Barry Manilow, mwimbaji maarufu wa Marekani, aliyefanya ziara akitumia sintesaiza mahali ambapo zamani ungekuta okestra. Hoja hiyo haikuwa msimamo wa chama kizima, na hadi leo waandishi wa muziki huitaja kwa kucheka. Mimi sicheki. Mpiga fidla aliyesomea kazi yake tangu utoto, mwenye kodi ya nyumba na watoto, anaambiwa usiku mmoja kwamba kuna sanduku limekuja na halili. Afanye nini, apige makofi? Baa na hoteli ngapi katika nchi zetu zilikuwa na bendi ya watu wanane, na sasa pana mtu mmoja, kinanda, na maikrofoni? Wale saba walikwenda wapi?

Sisi hapa hatukuwa na mishahara ya kupoteza. Hata hivyo tumepoteza. Kwaya moja ninayoijua ilikuwa na vijana sita wa ngoma na kayamba. Kilipoletwa kinanda, zawadi ya mfadhili, pamoja na betri na paneli ya sola, vijana sita wakabaki wawili, kisha hakuna. Hakuna aliyewafukuza. Ni kwamba tu hawakuhitajika tena. Ukiishi mjini utasema, si watafute kitu kingine. Kambini kitu kingine ni nini? Jumanne na Ijumaa jioni wale vijana walikuwa na mahali pa kwenda, walikuwa na mtu wa kuwauliza wakichelewa, walikuwa na sare. Kazi inayolipwa ni adimu hapa, lakini adimu zaidi ni kuhitajika. Kwa hiyo nikiulizwa mashine ina kosa gani, siwezi kusema haina roho. Kosa lake ni kwamba haihitaji wenzake.

Ningependa kuishia hapo, nimeshaupata upande wangu. Lakini kuna Muethiopia mmoja ananizuia.

Hailu Mergia alikuwa mpiga kinanda wa Walias Band, moja ya bendi kubwa za Addis Ababa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 bendi ilikwenda Marekani kwa ziara. Nyumbani kulikuwa na utawala wa kijeshi wa Mengistu, amri ya kutotoka nje usiku, na kila kilichoendana nayo. Ziara ilipokwisha, wengine walirudi, wengine wakabaki, Mergia alibaki. Bendi ikawa imekatika katikati kama mkate. Mwaka 1985, huko Washington, akaingia studio akiwa na akodioni, chombo cha ujana wake, na sintesaiza na mashine ya ngoma. Peke yake. Akapiga nyimbo za zamani za Ethiopia, kila sehemu mwenyewe, akatoa kaseti. Baadaye akawa dereva wa teksi kwenye uwanja wa ndege, na kinanda chake kidogo akakiweka kwenye buti ya gari. Akingoja abiria, anakitoa anafanya mazoezi. Kaseti ile ilitolewa upya mwaka 2013, na mzee akarudi jukwaani, akazunguka dunia.

Msikilize katika kaseti ile. Mashine ya ngoma inapiga sawasawa, haichoki, haina ucheshi wowote. Juu yake akodioni inazurura kama mtu anayetembea usiku katika mji aliouzoea. Nani kamnyang'anya nani kazi hapo? Wapiga ngoma wake walikuwa mbali, bahari imepita katikati. Mashine haikumfukuza mwenzake yeyote. Ilimkalia mahali pa wenzake waliokwisha kuondoka.

Na ni kwaya gani ya hapa isiyoyajua haya? Unapata mwimbaji mzuri wa sauti ya tatu, mnazoeana, halafu jina lake linatoka kwenye ubao. Kanada. Australia. Mnamwombea, mnalia, mnafurahi, na Jumapili inayofuata sauti ya tatu haipo. Mwaka unaofuata anaondoka mpiga gitaa, kwa njia nyingine, amerudi nyumbani kwa hiari, au kwa hiari ya namna ile tunayoijua. Bendi ya wakimbizi haifi kwa ugomvi kama bendi za watu wengine. Inakufa kwa makaratasi. Kinanda hakina jalada. Hakiitwi kwenye mahojiano. Kijana anayekaa peke yake usiku na simu, anapanga ngoma, besi na kwaya nzima kwa kidole kimoja, pengine si mvivu wala mchoyo. Pengine amechoka kuagana na wapiga ngoma.

Kwa hiyo mashine ile ile inaweza kuwa dhuluma kwenye nyumba moja na faraja kwenye nyumba ya pili, na tofauti haiko kwenye waya zake. Iko kwenye swali la kuuliza kabla hujaiwasha: yule ambaye mashine inakaa mahali pake, yupo au hayupo? Kama yupo, amekaa nje ya mlango na vijiti vyake, basi kumpita ni dhambi, hata wimbo uwe mtamu namna gani. Kama hayupo, washa.

Historia ya muziki huu imejaa vitu vilivyotupwa vikaokotwa na watu waliotupwa. Kampuni ya Roland ilitengeneza mashine ya ngoma iitwayo TR-808 kuanzia mwaka 1980. Ilikusudiwa kuiga ngoma, ikashindwa. Sauti zake zilikuwa za ajabu, hazifanani na ngoma ya mtu yeyote. Zilitoka kama 12,000, na kufikia 1983 ikaachwa. Ikaishia kwenye maduka ya mitumba. Vijana weusi wa Marekani wakainunua kwa bei ya kutupa. Huko Bronx, "Planet Rock" ya Afrika Bambaataa na wenzake, mwaka 1982, iliunganisha 808 na melodi ya Kraftwerk. Huko Detroit, mji wa magari ambako maroboti yalikuwa yameanza kuingia viwandani na baba za watu kutolewa, vijana kama Juan Atkins walisikiliza Wajerumani wale wale, wakatengeneza tekno. Ukilifikiria linauma na linachekesha: mashine inachukua kazi ya baba, mtoto anaichukua mashine na kuichezesha. Leo ile besi nzito inayotikisa bati za vibanda vya kunyolea nywele hapa zoni ya pili, asili yake ni ile 808 iliyoshindwa kazi.

Na Dar es Salaam, kwenye mitaa ya uswahilini, katika miaka ya 1990, watu wa mchiriku walichukua vinanda vidogo vya Casio, vile vya bei rahisi, wakavifunga kwenye vipaza sauti vibovu mpaka sauti ikakwaruza kama msumeno. Lakini ngoma hawakuziacha. Wazikilize Jagwa Music: kinanda kimoja kinapiga kelele, na chini yake ngoma za ngozi zinakimbia, mikono ya watu, jasho. Hapakuwa na mtu aliyekaa mkutano wa kujadili utamaduni. Ni kwamba kinanda kilikuwa kidogo na ngoma zilikuwepo na wapigaji walikuwepo, basi wote wakapiga. Huo ndio mfano ninaowapelekea kamati ya kwaya. Kitufe kinachojipigia ngoma kinazimika. Kipo upande wa kushoto.

Limebaki jambo moja ambalo vijana hawapendi kuliongelea. Nilisema sintesaiza haina kijiji. Si kweli kabisa. Sauti yake haina kijiji, lakini vibao vyake vinacho. Kinanda kimegawanya sauti katika noti kumi na mbili zenye nafasi sawa, kwa mtindo wa Ulaya, na kitu chochote kilichoko katikati ya vibao viwili hakipo. Likembe na inanga nyingi zinakaa hapo katikati. Mzee anayefunga nyuzi za inanga hafuati vibao vya kinanda. Anafuata sikio lake na la aliyemfundisha. Sasa mtoto aliyelelewa na kinanda akisikia inanga anasema imeharibika. Na wimbo wa bibi ukiimbwa juu ya kinanda unanyooshwa polepole, kama mguu unaolazimishwa kwenye kiatu, mpaka siku moja hakuna anayekumbuka ulikuwa na pindo wapi. Mdundo nao hivyo hivyo. Kitufe cha rumba kipo, lakini Mkongomani akiisikia rumba hiyo anaomba asaidiwe.

Hapo ndugu zetu wa mashirika mnaosoma jarida hili watasema: ndiyo maana tunataka ngoma za asili! Naelewa nia yenu, na baadhi yenu mmehangaika kweli kutafutia vikundi ngozi na sare. Lakini asili inayotakiwa kuonyeshwa mara moja kwa mwaka, mbele ya kamera, huku kijana wa simu akiambiwa asubiri nje, hiyo nayo inanyoosha. Inatuambia kwamba sisi ni watu wa jana tu. Wale wa Düsseldorf waliachwa wachague sauti ya kesho wakiwa wamekaa juu ya kifusi cha jana. Wa Kinshasa pia hawakumsubiri mtu: Konono N°1 walizipitisha likembe zao kwenye umeme, kwa maikrofoni walizojitengenezea kutokana na sumaku za vipuri vya magari, na sauti yao ikafika mpaka kwenye albamu ya Björk ya mwaka 2007. Je, hiyo ni asili au ni mashine? Mwenye kuulizia angekwenda kuipanga kwenye ratiba saa ngapi?

Programu nyingi za muziki za kwenye kompyuta zina sehemu ambayo unaweza kuisogeza kila noti, juu kidogo au chini kidogo, mpaka ikae pale unapotaka wewe. Wachache wanaifungua. Kijana mmoja Mrundi wa zoni ya jirani ameifungua. Jioni anakwenda na kompyuta ya kuazima kwa mzee mmoja mwenye inanga, mzee anapiga uzi mmoja, kijana anasogeza noti, anauliza, "Hapa, sogokuru?" na mzee anasema bado, bado, hapo. Wamemaliza nyuzi sita. Mbili hazijafanyika kwa sababu zimelegea, na mzee hataki kamba ya nailoni. Anasubiri achinjiwe ng'ombe mtu, apate mishipa.